Heko kwa Wanaowafunza Walimu

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka vishikwambi na projekta katika shule za msingi za umma, sifa zote ziliendea mashine. Heko zangu nazituma Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, na kwingineko, kwa maafisa wa mtaala. Chini ya mradi wa kusoma wa Tusome, ulioanza 2015, afisa aliketi nyuma ya darasa, kishikwambi mapajani, akamsikiliza mwalimu akifundisha kusoma, akawapima watoto watatu, kisha wakaketi wawili kuzungumzia kilichokwama. Semina ya hotelini, na posho zake zote, haifui dafu hapo! Mwalimu mkongwe anayeogopa kugusa kioo cha kishikwambi huonyeshwa papo hapo namna ya kukiwasha, na ya kurudia chaki umeme ukipotea.