Mkumkwati Kisiwani Takawiri: Amua Shina Kwanza

Kumkwati ni tunda la jamii ya chungwa, dogo kama yai la kware, na huliwa zima bila kumenywa. Utamu uko kwenye ganda; ndani ni uchachu mtupu. Kwao ni China, na jina lake kwa Kikantoni maana yake ni chungwa la dhahabu. Mwaka 1846, Mskoti Robert Fortune, aliyekuwa akikusanya mimea kwa niaba ya Chama cha Bustani cha London, aliufikisha mti huu Ulaya, na tangu hapo umezoeleka kama mti wa nyumbani, unaotosha kwenye chungu na kupendezesha baraza.

Sioni kinachouzuia kukaa uani Takawiri, kisiwa hicho cha mchanga mweupe na minazi kilicho kati ya Rusinga na Mfangano. Kinachonitia wasiwasi ni maelekezo. Mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na mtu akiyafuata neno kwa neno katikati ya Ziwa Victoria atauua mti wake huku akidhani anautunza.

Tuanze na walichofanya Wachina wenyewe. Waliona mapema kwamba mkumkwati ukisimama kwa mizizi yake hudumaa. Kwa hiyo huubebesha: huchukua jicho la mkumkwati na kulipachika kwenye shina la mti mwingine wa jamii hiyo, ponsirasi, wenye miiba mirefu na jani lililogawanyika mara tatu. Ponsirasi hupukutisha majani wakati wa baridi, hulala, na huvumilia barafu. Tena huufanya mti ulio juu yake uwe mfupi. Kwa shina moja, basi, walitatua mambo mawili: baridi na urefu.

Takawiri haina barafu. Faida ya kwanza ya ponsirasi haina kazi huku, na kasoro yake inabaki palepale: haupatani na udongo wenye chokaa. Kwenye chokaa mizizi yake hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Hilo si jambo la mbali. Volkano ya kale ya Kisingiri, ng'ambo kidogo ya maji, ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi. Majivu hayo ndiyo yaliyohifadhi visukuku vya Rusinga, likiwemo fuvu la sokwe wa kale, lililopewa jina la Proconsul, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata mwaka 1948. Kabla ya kuchimba shimo, chukua konzi ya udongo mkavu, uumiminie siki. Ukitoa povu, una chokaa.

Shina gani basi? Mdanzi unajulikana pwani yote, huvumilia chokaa, hauozi mizizi upesi, na tunda linaloota juu yake huwa zuri. Ningeusifu zaidi kama si tristeza. Virusi hivyo, vinavyoenezwa na vidukari, viliangamiza mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi huko Argentina na Brazil kuanzia miaka ya 1930, na Afrika Mashariki vipo. Kinachobaki ni mlimau ule wa ganda lenye manundu, ambao wakulima wengi wa michungwa wa Kenya na Tanzania huutumia kama shina. Mizizi yake huenda mbali kutafuta maji, na mti hukua haraka. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: mizizi na shina lake huoza vikikaa kwenye maji.

Kwa kisiwa, ubaya huo ndio wa kupigia hesabu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kupita rekodi ya 1964, na maji yakaingia mashambani na majumbani kando ya ufuo. Mti wa jamii ya chungwa uliosimama kwenye udongo uliojaa maji hukosa hewa mizizini, kisha vimelea vya Phytophthora humalizia kazi. Kwa hiyo uamuzi wangu kwa Takawiri ni huu: shina la mlimau, jicho lipachikwe sentimita 25 hadi 30 juu ya udongo ili matone ya matope yasilifikie, na mti wote ukae ndani ya chombo. Nusu pipa linatosha kwa miaka mingi. Toboa chini matundu mengi, liinue juu ya mawe, ulijaze udongo wa shamba, samadi iliyooza vizuri na mchanga wa kutosha kupitisha maji. Ukiwa na chokaa shambani, pipa linakuepusha nayo pia.

Kubebesha kufanyike wakati wa masika, Aprili au Mei, ganda la mti linapoachana na mti kwa urahisi. Shina liwe na unene wa penseli. Kata alama ya T, ingiza jicho, funga kwa utepe, fungua baada ya wiki tatu hivi. Mkono uliozoea huufanya kwa dakika chache.

Kumwagilia ndiko kunakoua miti mingi ya nyumbani, na huua kwa wingi wa maji kuliko kwa kiu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chumvi kidogo, yanafaa kabisa. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka na ndoo yako. Ukikuta pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Matandazo ya nyasi kavu yasiguse shina.

Hapa ukame una kazi yake. Kwenye nchi za baridi ni majira yanayouambia mti utoe maua. Karibu na ikweta ni kiu. Januari na Februari, mti ulio na afya upunguzie maji mpaka majani yaanze kujikunja kidogo, kisha umwagilie kwa ukamilifu. Maua hufuata baada ya wiki chache. Usiufanyie hivyo mche wa mwaka wa kwanza.

Na usingoje rangi ya dhahabu ndipo uchume. Ganda la jamii hii hupoteza ukijani kwa sababu ya usiku wa baridi. Ndiyo maana chungwa la Muheza, Tanzania, huliwa likiwa kijani na ni tamu. Kumkwati lako huenda likaiva lingali na ukijani; libonyeze, ulionje.

Adui mkubwa kuliko wote ni huanglongbing, ugonjwa wa chipukizi la njano. Aina ya Afrika huenezwa na kidudu mfyonzaji, Trioza erytreae, anayetaga kwenye majani machanga. Watoto wake huacha vijishimo upande wa chini vinavyoonekana kama vipele upande wa juu. Kidudu cha Asia, kinachostahimili joto zaidi, nacho kimeshaingia Tanzania na Kenya. Jani likiwa na mabaka ya njano, likunje kwenye mshipa wa kati. Pande mbili zikifanana, mti una njaa ya madini, na mbolea inaweza kuutibu. Zikitofautiana, shuku ugonjwa. Hauna dawa: mti hung'olewa na kuchomwa. Mwenye shaka avuke hadi Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kilichopewa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970; icipe imewachunguza wadudu hawa Kenya na Tanzania.

Kwa sababu hiyohiyo, naomba jambo moja kwa uzito. Ndugu aliye ng'ambo asikuletee kikonyo cha mkumkwati ndani ya sanduku la nguo. Kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kinachotolewa kabla mmea haujasafirishwa. Kikonyo kimoja chenye ugonjwa kinatosha kumaliza kila mlimau na mndimu kisiwani. Nunua mche kwenye kitalu kilichosajiliwa, na ukifika nao nyumbani, geuza kila jani uangalie upande wa chini kabla ya kuupanda.