"Clown" na Mshamba: Dharau Moja katika Lugha Mbili

Mfasiri wa tamthilia za Shakespeare hukutana na maneno mengi magumu, lakini ni machache yenye mtego kama neno la Kiingereza "clown". Siku hizi maana yake ni mchekeshaji, yule ambaye kwa Kiswahili huitwa chale au damisi. Na huitwa hivyo pia mtu yeyote mwenye vitendo vya kipuuzi. Lakini zama za Shakespeare neno hilo lilikuwa vile vile jina la mtu wa shamba, asiyejua adabu za mjini.

Maana hizo mbili zakutana katika As You Like It. Touchstone, ambaye kazi yake ni kuwachekesha wakuu, afika katika msitu wa Arden na kumwita mchungaji Corin kwa neno hilo hilo. Ajabu ni kwamba mwenye kuita ndiye mwenye kuajiriwa kwa upuuzi, na mwenye kuitwa ana akili zake timamu. Corin ajitetea kwa upole kwamba anaishi kwa jasho lake wala hana husuda na mtu. Mwenye kulifasiri neno hilo kwa juha amempotosha msomaji, kwani Corin si juha hata kidogo.

Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Juha, jina lililotoka kwa mtu wa hadithi za Waarabu, lahukumu akili. Mshamba lahukumu mahali. Hata mjinga lina historia yake: katika pwani ya karne ya 19 aliitwa hivyo pia mtumwa aliyeletwa karibuni, ambaye hakujua bado lugha wala desturi za wenyeji. Ugeni wake ulihesabiwa kuwa upungufu wa akili.

Watu wa Njombe waujua uzito wa jambo hili. Katika enzi ya ukoloni Wabena wengi walitoka katika nyanda hizo za juu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na baada ya mwaka 1944 shirika la waajiri, SILABU, liliwaandikisha watu kwa ajili hiyo. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa walitambulishwa kwa nambari. Leo mwenye kutoka Njombe hushuka hadi Makambako, mahali barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia na penye stesheni ya TAZARA, kisha hushika njia ya Dar es Salaam. Pale njia panda yeye ni mkulima au mfanyabiashara wa viazi. Akifika mwisho wa safari, lafudhi yake yatosha kumfanya mshamba. Naye mtu wa Dar es Salaam apandaye Njombe mwezi wa Juni na shati jepesi, akatetemeka kwa baridi, huitwa mgeni tu. Ujinga wa aina moja wapewa majina mawili, na jina baya huenda kwa mwenye jembe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaweka wakulima na wafanyakazi katika msingi wa taifa, lakini mshamba halikufutika vinywani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, mchezo ambao ndani yake yumo Launcelot Gobbo, mtumishi ambaye nakala za Kiingereza humwita "clown".

Kwa hiyo yafaa mfasiri atenganishe. Mchekeshaji na awe damisi. Mpumbavu na awe juha. Na mshamba litumike pale tu mwandishi anapotaka dharau ya mjini isikike, kama kinywani mwa Touchstone. Hapo msomaji atacheka, kisha ajiulize anayechekwa ni nani. Likitumiwa ovyo kwa kila mpumbavu, tafsiri itakuwa imeidhinisha tusi ambalo Shakespeare mwenyewe alimpa Corin nafasi ya kulijibu.