Ufundi wa Kuifunga Besi

Ukiwa mbali na ukumbi wa dansi usiku, chombo cha kwanza kukufikia ni besi. Sauti nyembamba za solo na za waimbaji humezwa na kuta, miembe na upepo. Sauti nzito huzunguka vizuizi, hupenya, na kumfikia mpita njia kabla hajajua wimbo unaopigwa ni upi. Ajabu ni kwamba akishaingia ndani, besi ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Atamsifu mwimbaji, atamsogelea mpiga solo amwone vidole, na kesho yake ataamka na kibwagizo mdomoni. Mpiga besi atakuwa pale pale karibu na ngoma, akifanya kazi ambayo ikifanywa sawasawa hakuna anayeiona.

Namsifu huyo, na hasa kwa sehemu ya kazi yake ambayo hata wanamuziki wenzake huidharau: kuitengeneza sauti kwa pedali ya kidijitali, kile kidude cha kukanyaga chenye kioo kidogo na vitufe vichache, kinacholazwa sakafuni kati ya gitaa na spika. Wapo wanaokiona kama mchezo wa vijana wasiojua kupiga. Mimi naona ni ufundi kamili, na nadhani Tabora ni mahali pazuri pa kuufikiria.

Mji huu umelea sauti nyingi. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitoka hapa. Nyanyembe Jazz ilibeba jina la dola ya kale ya Unyanyembe, na Tabora Jazz, wana Segere Matata, ndiyo iliyotupa wimbo Dada Asha wa Shem Karenga. Hata Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na kutamba kwa mtindo wa Saboso, ilipata jina lake kwa Jimbo la Magharibi, nyumbani kwa waasisi wake. Mji ulio mbali hivi na bahari haukupata muziki huo kwa bahati. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Abiria waliopandia Kigoma walikuja na rumba ya Kongo masikioni, wa pwani wakaja na yao, na wenyeji walikuwa na ngoma zao, Manyanga na Hiari ya Moyo. Mpiga besi wa Tabora alisimama mahali ambapo njia zote hizo zinakutana, na ilimbidi azifanye ziende kwa hatua moja.

Bendi hizo nyingi tulizijua kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ndogo ya betri yenye spika isiyozidi kiganja. Hapo kuna fumbo linaloeleza karibu kila kitu kuhusu sauti ya besi. Uzi mzito kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya redio ile haiwezi kutoa mtetemo wa chini kiasi hicho hata ukiiongeza sauti mpaka ikatike. Mbona basi msikilizaji wa Sikonge au Urambo aliisikia besi na kuifuata kwa mguu?

Jibu ni kwamba uzi hautoi mtetemo mmoja. Pamoja na ule wa 41 hutoka ule wa 82, wa 123, wa 164 na kuendelea, kama ukoo mzima unaotembea pamoja. Spika ndogo humtupa babu na kuwapitisha wajukuu, na sikio la binadamu, likiwasikia wajukuu, humrudisha babu lenyewe. Besi ya redioni kwa kiasi kikubwa tuliijenga sisi wasikilizaji kichwani. Mpigaji aliyekuwa na uzi wenye wajukuu wengi, kwa namna ya kuchapa kidole au kwa amplifaya ya taa iliyozidiwa kidogo ikakwaruza, ndiye aliyesikika mbali. Aliyetoa uzito mtupu alipotea.

Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho pedali humpa mpigaji wa leo, kama anajua kukiomba. Distoshini kidogo sana, kiasi ambacho msikilizaji hawezi kusema ipo, huongeza wale wajukuu. Ukiisikia ukwaruzaji wake, umezidisha. Ukiizima na ghafla besi ikaonekana imerudi nyuma hatua mbili, ulikuwa umeipata. Siku hizi wimbo husikilizwa kwenye simu, ambayo spika yake ni ndogo kuliko hata ya redio ya zamani, kwa hiyo hesabu ile ya Sikonge bado inatudai.

Tuingie ndani ya kidude chenyewe. Umeme dhaifu unaotoka kwenye gitaa, katika vifaa vingi, hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kiwango kilekile cha diski za CD, na kila kipimo kinageuzwa kuwa namba. Namba hizo hukokotolewa, kisha hurudishwa kuwa umeme na kupelekwa kwenye amplifaya au moja kwa moja kwa fundi mitambo. Safari hiyo huchukua milisekunde chache. Wapo wanaolalamika kwamba ucheleweshaji huo unawaharibia mapigo, lakini sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Ucheleweshaji wa milisekunde tatu ni sawa na kusimama mita moja zaidi kutoka kwenye spika, na sijaona mpiga besi aliyepoteza mapigo kwa kusogea mita moja.

Kazi kubwa ya ndani ni kubana sauti, na chombo chake ni kompresa. Unakiwekea kizingiti. Sauti iliyo chini ya hapo hupita ilivyo, iliyozidi hubanwa. Kwa uwiano wa nne kwa moja, pigo lililovuka kizingiti kwa desibeli nane linatoka limevuka kwa mbili tu. Faida yake ni kwamba noti ya uzi mwembamba na ya uzi mzito zinasimama kimo kimoja, na wacheza dansi hawakanyagi shimo. Hatari yake ni kubwa vilevile. Ukiiruhusu ibane papo hapo, inaua lile pigo la kwanza la kidole, na kidole ndicho kinachomwambia mchezaji wapi pa kuweka mguu. Fundi huichelewesha kidogo, milisekunde 30 au zaidi, kidole kipite kwanza ndipo ibane mkia wa noti.

Mkia nao una habari yake. Besi ya dansi letu haijazi kila nafasi. Hupiga noti mbili tatu, hunyamaza, huruka pigo ambalo kila mtu alilitegemea, kisha hurudi. Gitaa la ridhimu linapita kwenye mwanya huo, na kiuno kinapata pa kugeukia. Sasa kompresa iliyokazwa sana huinua mkia wa kila noti mpaka ukafunika mwanya. Noti zinakuwa nene, zinapendeza ukiwa peke yako chumbani, na ukumbini watu wanakaa chini bila kujua kwa nini. Wapigaji wengi wa kidijitali hupotea hapa. Wanatengeneza sauti wakiwa peke yao, wakati besi haina maana ya peke yake. Sauti nzuri ya besi ikisikilizwa mbali na bendi mara nyingi huonekana kavu na fupi, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Ikwalaiza, chombo cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, hufuata, na hapo jengo huwa mwalimu. Kumbi zetu nyingi ni saruji na bati. Kila ukumbi una noti yake unayoipenda. Ukiigusa hiyo, bati hulia, madirisha hutetemeka, na noti moja inakuwa kubwa kuliko ndugu zake wote. Mpigaji asiye na subira hupunguza besi yote. Fundi huitafuta noti hiyo kabla watu hawajaja, kwa kupanda uzi polepole, kisha hupunguza sehemu hiyo nyembamba peke yake na kuacha nyingine zipumue. Halafu husogea juu kidogo, kwenye mitetemo 700 au 800 kwa sekunde, na kuongeza chembe, maana huko ndiko kidole husikika kikiushika uzi.

Kuna pia mngurumo wa umeme. Umeme wa Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye besi hutetema mara 49. Adui amejenga nyumba katikati ya kijiji chetu. Anayejaribu kumfukuza kwa ikwalaiza humfukuza na G pamoja naye. Hapo pedali haisaidii. Dawa ni waya mzima, jeki safi na mpangilio mzuri wa soketi. Baadhi ya vifaa hivi hutumia betri nne ndogo, na mpigaji akizitumia hupunguza njia moja ya mngurumo kuingilia. Kujua kifaa chako kinakoma wapi ni sehemu ya ufundi.

Yaliyobaki ni vishawishi. Oktava hushusha noti kimo kizima, lakini ukiishusha ile ya 41 unafika 20, mwisho wa usikivu wa binadamu, na unachobaki nacho ni spika inayohangaika. Tena kifaa kinahitaji kuuona mtetemo mzima ndipo kiijue noti, na mtetemo mmoja wa uzi huo huchukua milisekunde 24, kwa hiyo hujikwaa. Oktava ni ya nyuzi za juu, kwa kipande kifupi cha wimbo. Korasi huongeza nakala ya sauti inayoyumba. Inapendeza kwenye wimbo wa taratibu, mradi sehemu ya chini iachwe kavu, kwani uzito ukiyumba bendi nzima inayumba. Mwangwi ninauacha kwa waimbaji.

Nikifika hapa hufikiria wapagazi. Karne moja na nusu iliyopita, kabla ya reli, Tabora ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Msafiri Burton alifika hapa, Kazeh kama alivyoiita, Novemba 1857. Msafiri mwingine, Stanley, alifika Juni 1871, baada ya miezi mitatu ya kutembea kutoka Bagamoyo. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu waliotekwa na kuuzwa. Haifai kuisifu bila kulikumbuka hilo. Lakini Wanyamwezi waliobeba kwa ujira walikuwa mabingwa wa kazi yao, na ubingwa ulianza kabla ya hatua ya kwanza, kwenye kufunga mzigo. Kitambaa kilikunjwa na kukazwa kikawa kirefu na kigumu, kikashikiliwa kwa fito, ili mpagazi akitaka kupumzika akiegemeze kwenye mti bila kukishusha chini. Mzigo wa kilo 30 uliofungwa vizuri ulifika. Uliofungwa ovyo, hata ukiwa mwepesi zaidi, ulicheza begani, ukamchosha mtu na kuchelewesha msafara mzima.

Pedali ya besi ni chombo cha kufunga mzigo. Haimwongezei mtu nguvu, wala haimfundishi njia. Hukaza kinacholegea, hupunguza kinachotokeza, huuweka uzito mahali pasipocheza, ili wengine wote waimbe na kurukaruka juu yake. Ndiyo maana siwaamini wanaosema kifaa hiki kimeua mkono. Mkono mbovu ukipitishwa kwenye kompresa hutoka mbovu na mkubwa zaidi, na noti iliyochelewa hutoka imechelewa kwa usahihi wa mara 44,100 kwa sekunde.

Lawama moja naikubali, nayo inawahusu waliokijaza kabla hakijatufikia. Kifaa kikitoka dukani huwa na sauti nyingi zilizokwisha kupangwa, zenye majina ya mitindo ya Marekani na Uingereza: za roki, za fanki, za chuma kizito. Zimetengenezwa zimvutie mnunuzi anayekijaribu peke yake dukani, ndiyo maana nyingi ni nene, zenye mwangwi na mikia mirefu. Kijana wa kwaya au wa bendi ya Tabora akizikanyaga moja baada ya nyingine huona amepata utajiri, kisha Jumapili kanisani au Jumamosi ukumbini hashiki kitu.

Hakuna kinachomzuia kuandika zake. Karibu kila kifaa cha aina hii huacha nafasi za mtumiaji kuhifadhi sauti yake na kuipa jina. Aanze na kila kitu kimezimwa. Acheze na rekodi za Tabora Jazz na Nyanyembe mpaka ajue besi yao inanyamaza wapi, kisha awashe kimoja kimoja, na kila kimoja kijieleze kimekuja kufanya nini kabla hakijaruhusiwa kubaki. Atakachobaki nacho pengine ni vitatu: kubana kidogo, kukwaruza kusikosikika, na ikwalaiza inayobadilika kwa ukumbi. Akihifadhi aandike Segere Matata, au jina la bendi yake mwenyewe, na ampe na mpiga besi anayemfuata. Wazee walilazimika kurithishana sauti kwa kukaa karibu na kutazama mkono. Mkono utaendelea kurithiwa hivyo hivyo, lakini namba sasa zinaweza kwenda kwa treni hadi Kigoma, na mpigaji wa huko akazirekebisha kwa ukumbi wake.