Maneno Yetu Katika Kitabu cha Kifaransa

Twataka kusema habari ya kitabu ambacho wengi wa wasomaji wetu hawajakiona, wala wakikiona hawataweza kukisoma, ijapokuwa kimejaa maneno yao wenyewe. Ni kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939.

Padre huyu alizaliwa mwaka 1856, akaja pwani yetu mwaka 1879, akakaa Unguja na Bagamoyo karibu miaka ishirini. Alipenda kukusanya mimea, hata wataalamu wakaiita jamii moja ya mimea Sacleuxia kwa heshima yake. Na kama alivyokusanya majani ndivyo alivyokusanya maneno. Hakuridhika na neno la Unguja peke yake. Alitaka kujua Amu wasemaje, na Mvita, na Pemba, na huku kwetu Mrima, tena akaweka alama kuonyesha neno ni la watu gani.

Mwaka ule ule wa 1939 ilitoka kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan. Hiyo ndiyo iliyoingia mashuleni, kwa kuwa ilifuata Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Hatuilaumu, imetufaa sana. Lakini mtu akitaka kujua jinsi watu wa pwani walivyosema, kila mji na usemi wake, twamwambia bila kusita kwamba Sacleux amempita Johnson.

Basi kosa liko wapi? Wako wasemao kosa ni Kifaransa. Sisi hatukubali. Huko Kanada, katika jimbo la New Brunswick, wasemao Kifaransa ni wachache kati ya wasemao Kiingereza. Wakapata Chuo Kikuu cha Moncton mwaka 1963, nao huchunguza maisha yao na kuyaandika kwa lugha yao. Ni haki yao, na tena lina faida: yule aliyeulizwa habari aweza kusoma alivyoandikwa, akasema, 'Hapa umenielewa vibaya.'

Kwetu jambo hili halikuwezekana. Tutwae neno demani. Kwa mvuvi wa Tongoni ni kamba ya tanga, na ni upande ule uendako upepo, na tena ni majira ya mwaka. Mvuvi hahitaji kamusi ya kumfundisha hayo. Ila akitaka kujua kama Padre ameyaandika sawasawa, afanyeje? Maneno yametoka kinywani mwa watu wa bahari, yakavuka bahari, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuyasahihisha. Hili ndilo kosa tulionalo, na si la Padre peke yake. Sisi walimu tumekuwa na kitabu hiki tangu mwaka 1939, na tumekiacha kwa wageni.

Tena tusijidanganye, Kiingereza nacho ni ukuta kwa wazee wetu. W. H. Whiteley aliandika juu ya Kimtang'ata, usemi wa watu wa pwani ya kusini mwa Tanga, mwaka 1956, naye aliandika kwa Kiingereza. Lakini mwalimu wa kumsomea mzee Kiingereza si vigumu kumpata. Wa Kifaransa twamtafuta kwa taa.

Na wazee hawangoji. Vijana wetu hujifunza Kiswahili cha vitabuni, wala hatuwazuii, lakini majina ya sehemu za ngalawa, na ya samaki, na ya pepo, hawayaulizi tena. Mengi katika hayo tutayakuta katika Sacleux, yamelala chini ya maelezo ya Kifaransa. Mwalimu mmoja ajuaye lugha ile, akikaa na wazee wawili wa bahari chini ya mwembe, angeweza kuanza na herufi ya D.