Kanga Barabarani
Machi 2021, tulipokuwa tukimuaga Rais Magufuli, picha iliyosambaa sana ni ile ya kanga zilizotandikwa barabarani ili gari lenye jeneza lipite juu yake. Huku Ruangwa na Nachingwea tuliielewa bila maelezo: kanga hutandikiwa bi harusi akanyage, na Mkristo anaikumbuka Jumapili ya Matawi. Hata kabla hajazikwa Chato, picha ilishamfanya mtakatifu. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini jamani, tarehe 21 mwezi huohuo watu 45 walikufa kwa kukanyagana Uwanja wa Uhuru, wameenda kumuaga yeye huyohuyo. Wao nani aliwatandikia? Kwenye simu yangu ya kanga nimetumiwa mara kibao. Ya hao 45, hata moja.