Msoma Kipimo wa Mto Nzoia

Jua linaweza kuwaka Budalang'i, Kaunti ya Busia, huku Mto Nzoia ukifurika, kwa kuwa maji yake hutoka mbali, Mlima Elgon na vilima vya Cherang'ani. Ndiyo maana nampongeza msoma kipimo, yule anayeshuka ukingoni asubuhi na jioni, akapangusa tope kwenye ubao wenye alama za sentimita, akasoma kimo cha maji na kukiandika daftarini. Tarakimu hiyo moja ikifika mapema kwa simu, walio chini ya mto hupata muda wa kuhamisha wazee, mifugo na magunia ya mahindi.

Wapo wanaosema matuta ya kuzuia maji yanatosha. Mwaka 2008 mto uliyavunja, watu wakahama makwao. Wengine wanataka mitambo inayojipimia yenyewe. Nami naitaka kwa moyo wote, lakini betri huisha, na gogo linalosombwa na maji huking'oa kifaa usiku uleule kinapohitajika. Tena, bila kumbukumbu za miaka zilizoandikwa kwa mkono, mtambo utajuaje hatari inaanzia wapi? Msoma kipimo anastahili malipo yasiyochelewa, na koti la mvua.