Kanuni na Machozi: Juu ya Ugomvi wa Watazamaji wa Love Actually

Sinema ya Love Actually, iliyotungwa na kuongozwa na Richard Curtis, ilianza kuonyeshwa mwaka 2003. Zaidi ya miaka ishirini imepita na ugomvi wa watazamaji wake haujatulia. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili huko Uingereza, nyumba tuliyopanga wanafunzi watano iligawanyika kila ilipokaribia Krismasi: watatu walikaa mbele ya televisheni na leso mkononi, wawili tukajifungia vyumbani. Mimi nilishikilia kwamba sinema ile ni sukari iliyotiwa ndani ya asali. Makala haya yanakusudia kuichunguza upya hoja hiyo, maana sasa naiona kuwa ilikuwa ya haraka, ingawa si ya uongo kabisa.

Tuanze na shutuma iliyo nyepesi, yaani kwamba sinema hii inafuata kanuni. Ni kweli inafuata. Curtis alikwisha kuandika Four Weddings and a Funeral (1994) na Notting Hill (1999), na mtazamaji aliyeziona anajua mapema kwamba Hugh Grant atababaika kwa maneno na kwamba mtu fulani atakimbia dakika za mwisho kumwahi mpenziwe. Lakini kanuni peke yake haijapata kuwa dhambi katika fasihi. Bibi anapoita "Paukwa!" nasi tukamjibu "Pakawa!", hakuna mtoto asiyejua kwamba sungura atamshinda fisi. Utenzi nao huanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, na msikilizaji angeshangaa kama haukuanza hivyo. Kanuni ni ahadi baina ya msanii na hadhira yake. La kuuliza ni hili: ahadi hiyo inapotimizwa, nani analipwa na nani analipishwa?

Hapo ndipo wapinzani wanapokuwa na nguvu. Waziri Mkuu anampenda Natalie, mtumishi anayemletea chai na biskuti. Harry, mkuu wa ofisi, anavutwa na karani wake Mia. Jamie, mwandishi wa riwaya, anampenda Aurelia, Mreno anayemfanyia kazi za nyumbani huko Ufaransa. Mara tatu mapenzi yanapita baina ya mwajiri na mwajiriwa, na sinema haioni ajabu. Christopher Orr, akiandika katika jarida la The Atlantic mwaka 2013, alidai kwamba wapenzi hawa hawana nafasi ya kufahamiana: pana kutamaniana mwanzoni, pana kitendo kikubwa cha hadharani mwishoni, na katikati ni pengo. Curtis mwenyewe, mwaka 2022, alikiri katika televisheni ya Marekani kwamba uchache wa watu wasio Wazungu katika sinema yake ulimfanya ajione mjinga kidogo. (Tena itazamwe vizuri: Chiwetel Ejiofor, Mwingereza wa wazazi Wanaijeria, amepewa nafasi ya Peter, bwana harusi ambaye rafikiye anasimama mlangoni pake usiku wa kuamkia Krismasi na kumfunulia mkewe mapenzi kwa kadi zilizoandikwa. Peter yuko ndani, hana habari.)

Kisa cha Aurelia kinatuhusu zaidi sisi wa idara za lugha. Jamie hajui Kireno, Aurelia hajui Kiingereza. Wapinzani husema kwamba mwanamume huyu amependa mwanamke bubu, na hiyo ndiyo ndoto ya kila bwana. Nami nilisema hivyo. Lakini Aurelia si bubu. Anasema mengi, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanatuwezesha sisi kumsikia. Karatasi za riwaya ya Jamie zinapopeperushwa na upepo hadi ziwani, yeye anajitupa majini kuziokoa huku akinung'unika kwa Kireno kwamba heri kazi yenyewe iwe nzuri, asije akafa maji kwa ajili ya upuuzi ambao hata bibi yake angeweza kuuandika. Yaani mtumishi ndiye mhakiki wa kwanza wa kitabu kile! Anayekosa kuusikia uhakiki huo ni mwandishi peke yake.

Kisha Jamie anarudi London na kujifunza Kireno darasani. Mkesha wa Krismasi anasafiri hadi Marseille, anaingia katika mkahawa anakofanya kazi Aurelia, na mbele ya jamaa na majirani wa bibi huyu anaomba kumwoa kwa sarufi iliyovunjika vipande. Hapa msomaji wa Kenya hana budi kukumbuka Kisetla. Walowezi nao walijifunza lugha ya watumishi wao, wakaivunja bila haya, lakini waliyoyahitaji zaidi ni maneno ya kuamuru: leta, ondoa, pika, nyamaza. Jamie anaivunja lugha ya mtumishi ili aombe, na anayekosea hadharani na kuchekwa ni bwana. Tendo hili lina uzito kuliko hadi zote za Waziri Mkuu. Kasoro yake ni kwamba Aurelia anajibu kwa Kiingereza, ambacho alikuwa akijifunza kwa siri, na sinema haiulizi wawili hawa wataishi katika lugha ipi.

Wanaoipenda sinema hii, ukiwauliza walilia wapi, aghalabu hawakutajii arusi wala uwanja wa ndege wa Heathrow. Watakutajia Karen, anayeigizwa na Emma Thompson. Aliuona mkufu katika koti la Harry mumewe. Siku ya zawadi anapewa sahani ya muziki, na anafahamu kwamba mkufu ulikuwa wa mwingine. Anakwenda chumbani, analia peke yake, anakinyoosha kitanda, anarudi kwa watoto. Mahali hapa kanuni imevunjika, na waliokuwa na leso walilijua hilo kabla yangu mimi niliyejifungia.

Sarah naye anaachwa bila mpenzi kwa sababu kila simu ya kaka yake mgonjwa wa akili anaipokea, hata Karl akiwa chumbani mwake. Nilipoijadili sinema hii darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini dada huyu anahesabiwa miongoni mwa waliokosa mapenzi, ilhali Krismasi inamkuta hospitalini, karibu na nduguye.